Swali Kabla ya Dawa

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Wangaliweza kuongeza kwamba katika kazi ya uganga kutouliza ni hatari. Mgonjwa hufika mbele ya tabibu akiwa na neno moja kinywani: naumwa. Neno hilo ni mlango tu. Nyuma yake mna vyumba vingi, na tabibu hana budi kujua aingie kipi kwanza. Akiuliza swali linalofaa kwa wakati wake, huenda akaokoa roho. Akilisahau, dawa njema kabisa itakwenda kutibu maradhi yasiyokuwapo. Katika insha hii nimekusudia kueleza jinsi wanadamu walivyojitahidi tangu kale kuyapanga maswali hayo ili yasisahauliwe, jinsi mpango huo ulivyotoka katika vitabu ukaingia katika simu, na jinsi nchi ya Ukambani, hasa Kitui na Makueni, ilivyotoa funzo ambalo kila mwenye kutumia simu hiyo yampasa kulikumbuka.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja, jina lake Edwin Smith, alinunua huko Luxor katika nchi ya Misri hati ya kale iliyoandikwa juu ya mafunjo. Hati hiyo iliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya kuzaliwa Kristo, na baada ya kusomwa ilionekana kuwa ni mwongozo wa waganga. Ndani yake mna habari za majeruhi 48, zikianzia kichwani na kushuka chini. Kila habari ina mpango ule ule: kwanza mganga huambiwa atazame nini na aguse wapi, kisha huambiwa maradhi ni yapi, mwisho hukata shauri. Na shauri lenyewe lilikuwa la namna tatu tu: maradhi haya nitayatibu, au nitapambana nayo, au hayatibiki. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwa maana atakutana nalo tena mbele, likiwa limevaa nguo nyingine.

Katika nchi nyingi elimu hiyo haikuandikwa, bali ilikaa vichwani mwa waganga. Mkamba wa zamani aliyekwenda kwa mundu mue aliulizwa habari za nyumba yake, za jirani zake na za mienendo yake, na mzee yule alikuwa na maswali aliyorithi kwa wakubwa wake. Sisemi kwamba majibu yote yalikuwa ya kweli. Nasema tu kwamba maswali yalikuwapo, tena yalikuwa na utaratibu. Udhaifu mkubwa wa hazina ya namna hiyo ni kwamba mwenye nayo akifa bila ya mwanafunzi, hufa nayo.

Sasa tuje Kitui. Miaka ya 1952 na 1953 maradhi ya kalaazari yalizuka kwa ukali katika wilaya hiyo. Mwenye kalaazari hupata homa ambayo haiishi kwa majuma mengi. Hukonda, na wengu wake huvimba hata tumbo likachomoza. Lakini homa na wengu uliovimba ni dalili za malaria pia, na malaria ndiyo iliyozoeleka. Hapo pana njia panda. Dawa ya malaria haimponyi mgonjwa wa kalaazari, na kalaazari isiyotibiwa huua. Kinachozitenga njia hizo mbili ni maswali machache tu: Homa imekaa muda gani? Je, dawa ya malaria ilitumiwa isifae kitu? Mgonjwa hukaa wapi?

Swali hilo la mwisho lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyoonekana. Wachunguzi waliofuatia katika miaka ya 1950 na 1960 waligundua uhusiano wa maradhi yale na vichuguu. Katika sehemu zile watu, hasa wanaume na vijana, walizoea kuketi karibu na vichuguu jioni na kuzungumza jua likichwa. Ndani ya matundu ya vichuguu huishi mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye hutoka giza likiingia akauma watu na kueneza ugonjwa. Nani angalidhani kwamba mganga amwulize mwenye homa habari za kichuguu? Walakini swali hilo, ambalo kwa mgeni lingekuwa upuuzi, kwa Kitui lilikuwa sehemu ya uganga.

Ugumu mwingine ulikuwa uchache wa waganga. Ukambani ni nchi pana, yenye vilima na mito ya mchanga inayokauka, na kijiji huweza kuwa mbali sana na hospitali. Kwa miaka mingi, kabla ya uhuru wa mwaka 1963 na baadaye, mtu wa kwanza kumwona mgonjwa hakuwa daktari bali dresa, muuguzi au tabibu wa zahanati. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, wakakubaliana kwamba huduma ya kwanza ya afya ipelekwe karibu na watu wanakoishi. Neno hilo lilikuwa jema, lakini lilileta swali zito: mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi, aliye peke yake mbele ya foleni ya akina mama na watoto wao, atakumbukaje yote ambayo daktari hujifunza kwa miaka mingi?

Jibu lilitolewa katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa lilipotunga mwongozo wa kuwahudumia watoto wagonjwa wasiotimiza miaka 5. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupokea katika miaka hiyo hiyo. Mwongozo huo ni kama mti wa maswali. Shina lake ni dalili za hatari: Je, mtoto hawezi kunywa wala kunyonya? Hutapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au amezimia? Likiwapo hata jibu moja la ndiyo, mtoto apelekwe hospitali bila kukawia. Kama halipo, tabibu huendelea kwenye matawi: kikohozi, kuharisha, homa, masikio, lishe. Katika tawi la kikohozi huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza miezi 12 akipumua mara 50 au zaidi, anapumua upesi kupita kiasi. Wa miezi 12 hadi miaka 5, mpaka wake ni mara 40. Mwishoni kila tawi hufika kwenye rangi: waridi ni kupeleka hospitali haraka, njano ni kutibu kwa dawa maalumu, kijani ni kumwangalia nyumbani. Msomaji bila shaka amekumbuka hati ya Misri na mashauri yake matatu. Rangi hizi hazilingani nayo neno kwa neno, lakini nia ni moja: uchunguzi usiishie katika maneno, bali ufike kwenye shauri la kutenda.

Kitabu hicho kilikuwa na faida kubwa, lakini kilikuwa na kasoro moja ambayo kila mwalimu anaijua: kitabu hakiwezi kumlazimisha mtu akifungue. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni hukiacha mezani, akaruka swali la tatu na la tano, akafuata mazoea. Ndipo watu walipofikiri juu ya chombo kisichokubali kurukwa.

Kompyuta ilikwisha kujaribiwa katika kazi hiyo mapema. Mwaka 1972, huko Leeds katika Uingereza, daktari F. T. de Dombal na wenzake walitoa habari za wagonjwa 304 waliokuja na maumivu makali ya tumbo. Kompyuta iliyopewa dalili zao ilipata ugonjwa ulio sahihi kwa asilimia 91.8, na mganga mkuu aliyewaona kwa asilimia 79.6. Wengi walistaajabia ushindi wa mashine. Lakini jambo lililo na mafunzo zaidi lilionekana baadaye: waganga wenyewe waliendelea kuwa hodari zaidi katika muda wa jaribio, kwa sababu walilazimika kukusanya dalili kwa utaratibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida haikutoka katika hesabu za mashine, bali katika adabu ya kuuliza.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mnamo mwaka 2008 zilitangazwa habari za jaribio la Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambapo mwongozo wa watoto uliwekwa katika chombo kidogo cha kushikwa mkononi. Chombo huuliza, tabibu hujibu, na jibu lake ndilo linaloamua swali litakalofuata. Hapo ndipo ilipo tofauti na kitabu: kitabu huonyesha njia zote kwa pamoja, ilhali chombo hufungua njia moja tu, kwa kadiri ya majibu ya mgonjwa huyu. Baadaye, kati ya mwaka 2014 na 2016, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa walichunguzwa jijini Dar es Salaam kwa miongozo miwili ya namna hiyo. Ule mpya uliongezewa vipimo vichache vya papo hapo, kama vile kipimo cha oksijeni katika damu. Watoto ambao hali zao hazikupata nafuu walikuwa asilimia 2.3 kwa mwongozo mpya na asilimia 4.1 kwa ule wa kwanza. Nao waliopewa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5 kwa mpya, na asilimia 29.7 kwa wa kwanza. Yaani, maswali yalipokuwa bora, dawa zilipungua na watoto wakapona zaidi.

Katika Kenya, kazi za afya zilikuwa zimekabidhiwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba ya vifaa pamoja na simu zenye programu ya kazi hiyo. Mpango huo ulikusudiwa kwa kaunti zote 47, Kitui na Makueni zikiwamo. Basi na tumfikirie mama mhudumu katika kijiji chochote cha huko. Anabisha hodi, anakaribishwa chini ya mwembe, anaelezwa kwamba mtoto wa mwaka 1 na nusu anakohoa. Anafungua simu. Simu inauliza umri. Inauliza dalili za hatari, moja moja, wala haimpeleki mbele kabla hajajibu. Inamtaka ahesabu pumzi. Anahesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima: 46. Kwa mtoto wa umri huo zimepita mpaka. Simu inamwelekeza ampe mama rufaa aende zahanati, na siku zikipita inamkumbusha arudi kumtazama mtoto. Mama mhudumu si daktari. Lakini maarifa ya madaktari wengi, wa nchi nyingi na wa miaka mingi, yameketi naye chini ya mwembe ule.

Mpaka hapo habari ni ya kufurahisha. Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Yanipasa kurudi nyuma miaka kadhaa, kwa sababu Makueni na Kitui zilipata msiba unaotuonyesha mti wa maswali unapoishia.

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2004 watu walianza kufika katika hospitali za Makueni na Kitui wakiwa na macho ya manjano. Wengine walikuwa na matumbo yaliyojaa maji. Wengi wao walikufa. Macho ya manjano ni alama ya ini lililodhurika, na ini hudhuriwa na mambo mengi; linalokumbukwa kwanza katika maradhi yanayoenea ni vile virusi vishambuliavyo ini. Tabibu ambaye angaliifuata njia hiyo tu angalitafuta maji machafu na kuwatenga wagonjwa, na watu wangalizidi kufa, maana sumu ilikuwa ndani ya chungu.

Mambo mawili yaliwaelekeza maafisa wa afya kwenye njia iliyo sawa. La kwanza ni jambo lililokosekana: wagonjwa hawakuwa na homa, wala dalili nyingine ambazo kwa kawaida hufuatana na maradhi ya kuambukiza ya ini. La pili ni kumbukumbu. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule Makueni ilikuwa sehemu yake, watu 20 walipata maradhi ya namna hii na 12 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikula mahindi yenye sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota juu ya nafaka yenye unyevu. Ilijulikana kwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1960, batamzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha mifugo kilichoharibika. Basi waliokumbuka mwaka 1981 waliuliza swali ambalo huenda lisingekuja lenyewe: Mmekula nini, nanyi mmekiweka wapi?

Jibu lilipatikana katika magunia. Mahindi yaliyochukuliwa katika sehemu zile yalikuwa na aflatoksini hata kufikia sehemu 4,400 katika kila sehemu bilioni 1, ilhali sheria ya Kenya iliruhusu 20 tu. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 wa vijiji vile vile. Waliona kwamba waliougua walikuwa wameweka mahindi mabichi, yenye unyevu, ndani ya nyumba zao zaidi ya wenzao. Yapata nusu ya mahindi yaliyopimwa sokoni, asilimia 55, yalipita kiwango cha sheria. Hata kufika mwezi wa Julai wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Karibu wanne kati ya kila kumi. Walio wengi walikuwa watu wa Makueni na Kitui. Serikali iligawa chakula kingine badala ya kile kilichoharibika na kuwaonya watu. Hata hivyo maradhi yalirudi katika miaka iliyofuata, ijapokuwa kwa uchache.

Tusiwahukumu wenye mahindi. Mtu mwenye njaa haachi mavuno yake nje yaibwe, naye mwenye watoto wanaolia hatupi gunia kwa sababu ya harufu ya ukungu. Walifanya yale ambayo wengi wetu tungaliyafanya.

Sasa tuzingatie. Mwongozo wa watoto niliousifu ulikuwapo Kenya mwaka 2004. Lakini ulitungwa kwa ajili ya maradhi makuu ya watoto, nao haukuwekewa tawi la gunia lililoota ukungu. Hiyo si aibu yake. Hakuna mti wenye matawi yote. Kilichotoa mwanga ni kwamba mtu fulani aliangalia zaidi ya orodha na kuuliza habari za zamani. Kwa maneno mengine, historia ndiyo iliyotoa swali. Nikiangalia vizuri naona kwamba ndivyo ilivyo kwa kila swali lililomo simuni. Kwa nini simu humlazimisha mhudumu ahesabu pumzi? Kwa sababu watoto wengi walikufa kwa kichomi kabla wachunguzi hawajaonyesha kwamba hesabu ya pumzi hukitambua kichomi mapema. Kwa nini huuliza homa imekaa siku ngapi? Kwa sababu kuna homa zilizodhaniwa malaria, nazo sizo. Hakuna swali lililoingia humo bure. Kila moja lilikwisha kulipiwa, na waliolipa hawapo kutuambia gharama yake.

Wako watu wasemao kwamba programu za namna hii humfanya mhudumu awe kasuku, arudie maneno asiyoyaelewa. Wako na wengine wasemao kwamba sasa hakuna haja ya elimu ndefu, maana mashine inajua. Mimi naona wote wawili wamekosea kwa namna moja: wanadhani kwamba chombo na akili ni washindani. Mhudumu anayeielewa sababu ya swali hulitumia vizuri zaidi, kwa kuwa atajua pia lini jibu halilingani na mgonjwa aliye mbele yake. Naye asiyeelewa, simu ikimwonyesha kijani atasema kijani, hata kama macho ya mtoto ni ya manjano. Tena kuna wajibu wa pili. Anayeona jambo ambalo mti haukulijua yampasa aliseme na liandikwe, ili tawi jipya lipandikizwe. Yale ya mwaka 1981 yaliandikwa. Ndiyo maana mwaka 2004 yalikumbukwa. Kama yangaliachwa yafe pamoja na wale 12, nani ajuaye ni wangapi zaidi wangalikufa?

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara historia ina faida gani kwa mtu anayetaka kuwa muuguzi au fundi wa kompyuta. Zamani niliwajibu kwa maneno marefu. Siku hizi huwaambia habari za Makueni. Huwaambia kwamba fundi atungaye programu ya afya anaandika historia, ajue asijue. Na kwamba muuguzi aandikaye katika daftari la zahanati jambo dogo la ajabu aliloliona leo, huenda anamwachia swali mtu wa miaka ishirini ijayo. Miongoni mwenu msomao kitabu hiki wamo watakaoshika simu hizo, na wamo watakaozitunga. Msione taabu kuuliza maswali yote mliyopangiwa, wala msione haya kuongeza lile ambalo hamkupangiwa.